Alama tano na wakati wa kuzipima

Swali la familia huwa moja: ataishi muda gani? Kwa limfoma (saratani ya seli za kinga) inayoanzia ubongoni, jibu la haraka hutolewa kwa alama za IELSG, kundi la kimataifa la utafiti wa limfoma, zilizochapishwa mwaka 2003 na Ferreri na wenzake. Mambo ni matano: umri zaidi ya miaka 60, hali ya kujimudu kwa kipimo cha ECOG (0 ni anayejimudu kabisa, 4 ni wa kitandani tu) zaidi ya 1, kimeng'enya cha LDH kilichopanda kwenye damu, protini iliyozidi kwenye maji ya uti wa mgongo, na ugonjwa kufika sehemu za ndani za ubongo. Kila moja ni alama 1. Waliokuwa na 0 au 1, asilimia 80 walikuwa hai baada ya miaka 2. Wenye 2 au 3, asilimia 48. Wenye 4 au 5, asilimia 15.

Hesabu ni ya mtoto wa shule. Kazi ni kupata hizo tano zikiwa safi.

Chukua ECOG. Mgonjwa analetwa amelala, upande mmoja umelegea, anaandikiwa 3. Anapewa deksamethasoni, dawa ya aina ya steroidi, ubongo unapungua kuvimba, na baada ya siku chache anatembea na kula mwenyewe. Ipi iingie kwenye hesabu? Mimi ningeandika zote mbili na tarehe zake, maana anayeinuka hivyo si sawa na asiyeinuka kabisa. Steroidi hiyo hiyo huua seli za limfoma. Ikitangulia kabla ya kuchukua kinyama (kipande kidogo cha uvimbe cha kupimwa), maabara inaweza kukuta seli zilizokufa tu, na utambuzi ukachelewa. Kama hali ya mgonjwa inaruhusu, isubiri sindano ya kinyama.

LDH nayo hudanganya. Damu iliyovutwa kwa nguvu au kutikiswa njiani huvunja seli nyekundu, kimeng'enya kinamwagika, na mgonjwa anaongezewa alama asiyostahili. Majimaji ya sampuli, seli zikishatengwa, yakiwa na rangi ya waridi, rudia.

Protini ina mipaka miwili: miligramu 45 kwa desilita kwa wenye miaka 60 kushuka chini, na 60 kwa waliozidi hapo. Nani anakumbuka mpaka wa pili? Wengi hutumia 45 kwa kila mtu, na wazee wanaonekana wana hali mbaya kuliko waliyo nayo. Kuhusu sehemu za ndani, hesabu maeneo yanayozunguka ventrikali (vyumba vya maji ndani ya ubongo), basali ganglia (viini vilivyo katikati ya ubongo), shina la ubongo na serebela (ubongo mdogo wa nyuma). Serebela husahaulika kwa sababu kwenye picha haionekani kuwa "ndani".

Linaloniudhi zaidi ni kipimo kilichokosekana kuandikwa sifuri. Shinikizo kichwani likiwa kubwa, kuchoma uti wa mgongo ni hatari, kwa hiyo protini haipo. Hata kwenye utafiti wenyewe, kati ya wagonjwa 378 ni 105 tu waliokuwa na vipimo vyote vitano. Mfano: mtu wa miaka 64, ECOG 2, LDH ya kawaida, uvimbe kwenye basali ganglia, maji hayakuchukuliwa. Alama zake si 3. Ni 3 au 4, yaani yuko kati ya kundi la asilimia 48 na lile la 15. Andika hivyo hivyo kwenye faili.

Pale vipimo vinapokosekana, mfumo wa 2006 wa MSKCC, hospitali ya saratani ya New York, unatosha: umri na KPS (kipimo cha kujimudu cha 0 hadi 100, ambapo 100 ni mzima) basi. Chini ya miaka 50, nusu ya wagonjwa waliishi zaidi ya miaka 8.5; wa miaka 50 na kuendelea wenye KPS 70 au zaidi, miaka 3.2; wenye KPS chini ya 70, mwaka 1.1.

Takwimu hizi pia huzeeka. Umri unatabiri kwa sehemu kwa sababu figo za mzee hushindwa kuitoa methotrekseti, dawa kuu ya ugonjwa huu, ya gramu 3.5 kwa mita ya mraba ya mwili, dozi inapunguzwa au inaachwa. Katika jaribio la IELSG32, lililohusu watu wasiozidi miaka 70, walioongezewa sitarabini, rituksimabu na thiotepa juu ya methotrekseti, asilimia 56 walikuwa hai baada ya miaka 7. Waliopata methotrekseti na sitarabini tu, asilimia 21. Na waliounda alama za 2003 walikusanya wasio na VVU pekee, kwa hiyo mwenye VVU asipimwe kwa asilimia zile: kwake idadi ya CD4 (seli za kinga ambazo virusi huziharibu) na kuanza dawa za kufubaza virusi huingia kwenye hesabu.