Kauri tisini na saba: nilivyoanza uzamili wa historia na makumbusho

Nilifundisha historia sekondari miaka sita kabla ya kurudi darasani, kwa hiyo nilipopata nafasi ya uzamili hapa Kampala nilijiona najua ninachokwenda kusomea. Pendekezo langu la kwanza lilihusu Uislamu Buganda, tangu mfanyabiashara Mwarabu Ahmed bin Ibrahim alipofika kwa Kabaka (mfalme) Suuna II mwaka 1844 mpaka leo. Msimamizi wangu alilisoma, akanirudishia. "Mwanangu, hii ni kazi ya watu kumi. Nenda kanitafutie kitu kimoja cha kushikika, tuanzie hapo."

Niliumia, sikufichi. Karo nilikuwa nalipa kwa awamu, na kila Jumamosi nafundisha tuisheni ili nitimize.

Nyumbani Kibuli nako hakukuwa rahisi. Zamani Waganda waliyaita Makumbusho ya Uganda "Enyumba y'Amayembe", yaani nyumba ya pembe za uganga, na Mama alikulia na jina hilo. "Wewe na uganga wapi na wapi?" Nikampeleka Kitante, kwenye jengo linalotumika tangu 1954. Alisimama sana kwenye ala za muziki. Nikamwambia makumbusho haya yalianza 1908 kwenye ngome ya Lugard, yule kapteni Mwingereza, kilima kile kile cha Old Kampala tunakoswali Idi. Akanyamaza kidogo. "Pale pale msikitini?" Pale pale, Mama. Tangu siku hiyo hakunipinga tena.

Mazoezi nilifanyia kwenye hazina ndogo ya vitu vya kale. Sharti la kwanza stoo: kalamu ya wino ibaki nje, ndani ni penseli tu, maana tone la wino likidondokea kitu cha kale halitoki. Nikapewa mtungo wa kauri, yale makombe madogo ya baharini yaliyotumika zamani kama pesa. Kadi yake ilikuwa na maneno matatu: kauri, mia, Buganda.

Nikahesabu. Tisini na saba. Nikarudia mara mbili, zile zile. Mkono ulitaka kuandika 100, kwa sababu vitabuni nilisoma kwamba Waganda walizitunga mia mia. Mhifadhi alikuwa nyuma yangu. "Andika ulichokiona." Nikaandika 97, na mstari wa chini yake nikaeleza kwamba kadi ya zamani inasema 100.

Ndipo nikaanza kuziangalia kweli. Kila kauri ilikuwa imetobolewa mgongoni ipitishwe kamba, na kingo za tundu zimelainika kwa kushikwashikwa. Lakini kamba yenyewe ilikuwa uzi mweupe wa pamba, wa dukani, haujachakaa hata kidogo. Kumbe kuna mtu alizitunga upya! Huenda tatu zilipotea siku hiyo. Huenda hazikuwahi kuwepo. Sikulala usiku ule kwa furaha.

Kauri zile zilitoka Bahari ya Hindi, zikapandishwa bara na misafara ya wafanyabiashara wa pwani, hao hao walioleta dini na Kiswahili Buganda. Mpaka leo Mganda akitaja pesa anasema "ensimbi", jina la kauri. Mada yangu ilikuwa ile ile, ila sasa ina mlango wa kuingilia. Pendekezo la pili lilipita.

Ukitaka kuingia fani hii, usingoje barua ya chuo. Omba kujitolea stoo hata miezi miwili, ujifunze kupima, kupiga picha na kueleza kitu bila kukipamba. Mimi nilichelewa, na nilijuta muhula mzima.

Juzi Mama alinitolea kauri mbili alizorithi kwa bibi, zilizokuwa kwenye kopo la vifungo. Nimezipima na kuzipiga picha. Kwenye kadi, mahali pa kuandika zilikotoka, nimeweka maneno yake kama alivyoyatamka: "Za mama yangu. Alisema za mama yake."