Ukitoka Kodiaga, anza na stuli

Wengi wanaotoka gerezani, kama hapa Kodiaga, gereza la Kisumu, huanza kwa kusambaza barua za kazi, kisha hukata tamaa. Mwajiri atadai cheti cha tabia njema. Unakiomba kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, unachapisha fomu ya C24, unachukuliwa alama za vidole, na hapo ile hukumu ya zamani inakutangulia mlangoni. Mnunuzi wa stuli pale soko la Kibuye, Kisumu, hana haja na hayo. Ataikalia, ataitikisa, kisha alipe au aende zake. Kwa aliyejifunza useremala ndani, huo ndio mlango ulio wazi.

Maandalizi yaanze kabla ya lango. Kifungo cha miezi 36, ukipata msamaha wa theluthi moja kwa bidii na mwenendo mwema, kinakuwa miezi 24. Kwa hiyo mtihani wa ufundi wa gredi ya tatu wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, usiuweke hadi mwezi wa mwisho. Cheti kikichelewa kitakukuta ushatoka, na kukifuatilia ukiwa nje ni nauli juu ya nauli.

Stuli ya kwanza iwe ndogo: miguu minne ya saipresi ya inchi mbili kwa mbili, urefu inchi 18, kikalio inchi 12 kwa 12. Kinachoangusha mafundi wapya ni mbao mbichi. Ulimi, yaani ncha iliyochongwa ya kipande kimoja, unaingia tundu la kipande kingine ukiwa umebana vizuri, mbao zinakauka na kusinyaa, na baada ya wiki chache miguu inacheza. Pima kipande kimoja kwenye mizani ya sokoni, kianike kivulini, ukipime tena baada ya wiki. Kama uzito umeshuka, ngoja. Ulimi uwe theluthi ya unene wa mbao, uingie kwa kusukumwa na kiganja; ukihitaji nyundo, mbao huenda ikapasuka. Paka gundi, kaza kwa kamba, iache hadi asubuhi.

Kisha geuza stuli na uandike nambari yako ya simu chini ya kikalio. Hakikisha kwanza laini ni yako, kwani iliyolala miaka miwili huenda imeshapewa mtu mwingine. Kwa mtu ambaye mtaa mzima unatarajia atoweke, nambari hiyo ina uzito kuliko maneno yoyote ya kuomba msamaha: inasema nitapatikana. Ikirudi imelegea, itengeneze siku hiyo hiyo, bila malipo.