Pendulamu iliyogoma kurudi

Kama kuna ushauri ulionichosha katika kutatua milinganyo tofautishi (inayoeleza jinsi kitu kinavyobadilika) kwa kompyuta, ni huu: "Punguza hatua," yaani kile kipande cha muda ambacho kompyuta huruka kila inapokokotoa. Jibu limekaa vibaya? Punguza hatua. Hata kama hatua yenyewe haina kosa.

Nilikuwa naandika programu ya pendulamu kwa Python: uzi wa mita 1, pembe ya juu kabisa nyuzi 60. Nikaanzia kwenye nishati, maana inakupa mraba wa kasi papo hapo. Ila mraba una vipeuo viwili, chanya na hasi. Ikienda kulia chanya, ikirudi kushoto hasi. Sasa nani ataiambia kompyuta kwamba wakati wa kugeuka umefika?

Nikatii washauri. Hatua nikaikata hadi feni ya laptop ikawa inalia. Pendulamu ikapanda, ikapitiliza nyuzi 60 kwa nywele moja tu, ndani ya kipeuo pakawa hasi, skrini ikajaa "nan" ("si namba"). Mjuzi mwingine akasema: ikiwa hasi, weka sifuri. Nikaweka. "Nan" zikaisha kweli, na pendulamu ikaganda kule juu, imetulia kama jogoo juu ya paa!

Kinachoudhi ni kwamba kompyuta ilikuwa sahihi. Kukaa kwenye nyuzi 60 milele nako kunatimiza mlinganyo ule wa nishati. Pale kasi ni sifuri, vipeuo viwili, chanya na hasi, vinakutana, na suluhisho si moja tena. Punguza hatua mpaka kesho.

Wengi huutofautisha mlinganyo wa nishati mara moja zaidi kwa muda, wakapata mlinganyo wa mchapuko usio na kipeuo. Sawa, lakini ukiutatua kwa Euler ya kawaida (njia rahisi ya kusonga hatua kwa hatua kwa kasi ya mwanzo wa kila hatua), nishati inavimba taratibu.

Mimi nilibadilisha kigeu, na hapa najisifu bila aibu. Sini ya nusu ya pembe nikaiandika k × sin φ, φ ikiwa kigeu kipya, na k ikiwa sini ya nusu ya pembe ya juu kabisa, nyuzi 30, yaani 0.5. Kasi ya φ ikawa √(g/L) × √(1 − k² sin² φ), g ikiwa mchapuko wa mvutano wa dunia na L urefu wa uzi. Hiyo haigusi sifuri kamwe! φ inasonga mbele tu, pendulamu inajigeuza yenyewe. Mzunguko mmoja, kwenda na kurudi, ukatoka sekunde 2.15; kanuni ya shuleni ya pembe ndogo inatoa 2.01.

Ukiisukuma mpaka izunguke duara zima, k inapita 1 na ujanja huu haufai. Lakini hapo haigeuki popote, kwa hiyo chagua alama moja, chanya au hasi, mwanzoni ubaki nayo.