Nilivyopita kwenye vita ya Blu-ray na HD DVD na kamera yangu ya kanda, hapa Mtwara

Blu-ray na HD DVD zilikuwa aina mbili za diski mpya zinazogombania kuchukua nafasi ya DVD, zote za picha kali zaidi, ile wanayoiita HD. Shemeji yangu ni baharia. Novemba 2007 alinipigia simu meli yao iko Marekani, anaongea haraka maana salio linaisha, shem huku kuna deki za HD DVD za Toshiba dukani zinauzwa chini ya dola 100, watu wanagombania, nikuletee ngapi? Moyo ulinienda mbio kusema kweli. Dola ilikuwa inacheza kwenye 1,200 hivi, kwahiyo hiyo ni laki na ishirini, wakati upande wa pili ukitaka kusoma Blu-ray kitu cha bei nafuu kilikuwa PlayStation 3 ndogo, dola 399 hukohuko Marekani.

Mi kazi yangu ni video za harusi na sherehe za kina mama hapa Mtwara mjini. Singo, kitchen party, kucheza mwali, zile sehemu ambazo mwanaume na kamera yake haingii, ndo maana sikuwahi kukosa kazi kuanzia Oktoba mpaka Januari, si mnajua huku kwetu korosho zikishalipwa harusi zinapanga foleni, wikiendi moja unaitwa sehemu tatu. Nilikuwa na Panasonic ya begani MD10000, kompyuta ya kuediti, taa mbili na binti mmoja wa kunisaidia. Akiba yangu ilikuwa laki sita na kitu na nilikuwa naiwinda hiyo HD tangu mwaka uliotangulia, 2006, deki za HD DVD na za Blu-ray zilipotoka zote kwa kupishana miezi michache tu.

Sasa kilichonifanya nisijibu palepale ni mjomba wetu wa Lindi. Yeye miaka ya themanini alinunua deki ya Betamax, aina moja ya kanda za video, huko Unguja, akaileta na tivii yake, na mkumbuke bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja mpaka 1994, kwahiyo ukiwa na tivii Lindi kipindi hicho ni kwa ajili ya kanda tu hamna kingine. Sebule ilikuwa inajaa watoto wa mtaa mzima. Halafu watu wakaanza kuleta deki za VHS, aina nyingine ya kanda, kanda za kuazimana zikawa za VHS, na kanda ya VHS kwenye deki ya Beta haiingii hata ukiisukuma, mjomba akabaki na kanda zake tisa anazizungusha zilezile mpaka zikachakaa. Sony wenyewe waliotengeneza Betamax, 1988 wakaanza kutengeneza deki za VHS. Ile deki bado ipo kwao imefunikwa kitambaa na mjomba mpaka leo ukiitaja anabadilisha mazungumzo, iliuma, zilikuwa hela za shamba zima la ufuta.

Wengi waliokuwa wanafuatilia haya mambo walikuwa wanasema Sony alishindwa na Betamax sasa yuko Blu-ray atashindwa tena, na HD DVD bei yake ni ndogo, kwahiyo chukua HD DVD. Na ile bei ndogo ilikuwa na sababu zake. HD DVD ilijengwa karibu sana na DVD ya kawaida, sehemu yenye data iko katikati ya unene wa diski, milimita 0.6 kutoka juu, kwahiyo kiwanda cha DVD kinarekebisha mitambo yake kidogo tu kinaendelea na kazi. Blu-ray waliisogeza data karibu kabisa na uso, milimita 0.1, ikabidi mitambo mipya. Zote mbili zinatumia mwanga wa leza wa buluu, ambao wimbi lake ni fupi kuliko la ile leza nyekundu ya DVD, ni kama umeacha kuandika kwa makapeni umechukua kalamu ya biki, maandishi mengi yanaingia ukurasa uleule. DVD ya tabaka moja GB 4.7, HD DVD 15, Blu-ray 25, ukienda tabaka mbili ni 30 kwa 50. Lakini kwa kampuni za filamu, Blu-ray walikuwa na Disney na Fox na filamu za Sony wenyewe, na kila PlayStation 3 iliyouzwa ni deki ya Blu-ray imeingia nyumbani kwa mtu hata kama alitaka gemu tu. HD DVD walikuwa na Universal, na Paramount walihamia kwao Agosti hiyohiyo 2007. Warner walikuwa wanatoa pande zote mbili. Nikaona mi siwezi kubashiri hapa, wakubwa wenyewe hawajamalizana.

Nikafanya kitu kingine. Nikachukua daftari langu la risiti, wateja 43 wa mwaka ule, nikaanza kuwapigia, na wale ambao simu haipatikani nikawafuata, Shangani, Ligula, Chikongola, Magomeni, mpaka Mikindani. Swali moja tu, mama tivii yako ni ya chogo au flati? Siku nne hizo. Wenye chogo 41, wenye flati wawili, na katika hao wawili mmoja nilienda nikakuta deki imeunganishwa kwa ule waya wa njano, nyekundu na nyeupe, na ule wa njano hauwezi kubeba HD, ungempa diski ya aina yoyote duniani angeona picha ileile ya DVD.

Usiku nikakaa na karatasi. Deki laki na ishirini, sawa. Lakini ni ya Marekani, umeme wao ni wa volti 110 mpaka 120, huku kwetu 230, inataka transfoma. Flati ya inchi 32 Kariakoo nilitajiwa milioni moja na laki mbili. Waya wa HDMI, ule unaobeba HD. Mashine ya kuchomea hizo diski mpya, na diski tupu yenyewe, moja ya Blu-ray nilitajiwa bei ambayo nanunua boksi la DVD tupu 50. Na hapo ni mteja mmoja awe na vyote hivyo ndo aone kazi yangu ilivyo safi! Deki ndo ilikuwa kitu rahisi kuliko vyote kwenye ile karatasi, na ndo hiyo tu iliyokuwa inatangazwa bei.

Nikampigia shemeji nikamwambia usilete. Alinuna kidogo, alishazishika mkononi. Tarehe 4 Januari 2008 Warner wakatangaza wanabaki na Blu-ray peke yake, na tarehe 19 Februari Toshiba wakatangaza wanaachana na HD DVD. Shemeji alinitumia meseji ya neno moja, "shem!"

Ila kungoja tu kusingenisaidia, maana harusi haingoji, bibi harusi wa 2008 harudi kuolewa 2014 ili nimpige kwa HD. Hili ndo lilikuwa linanikosesha usingizi kuliko deki. Nikaanza kuuliza kuhusu kamera, na fundi mmoja wa Dar aliyekuwa anakuja kupiga kazi huku ndo akanionyesha HDV. Yaani kamera inarekodi HD kwenye kanda ileile ndogo ya MiniDV niliyokuwa naitumia, dakika 60 zilezile, kwa sababu data inayoingia kwa sekunde ni megabiti 25 kama DV ya kawaida, ile picha ya zamani isiyo HD, tofauti imebanwa zaidi. Picha inatoka nukta 720 kwa 576 inaenda 1440 kwa 1080. Na kitu kilichonifanya nisimame ni hiki, ukicheza ile kanda ya HD kupitia waya wa FireWire, ule wa kutoka kwenye kamera kwenda kompyuta, unaweza kuiambia kamera ishushe, itoe DV ya kawaida, kompyuta yangu ya zamani haijui hata kama kuna HD, inapokea, naediti, nachoma DVD, mteja anaangalia kwenye chogo lake. Kanda yenye HD inabaki kabatini kwangu.

Nikaamua hela iende hapo. Mwisho wa 2008 niliuza MD10000 na kuongeza akiba na mchezo wa kina mama wenzangu, nikanunua Sony HVR-HD1000, milioni 2 na laki 4. Ni ya begani pia, na hilo sio dogo, huku ukija na kamera ndogo ya kiganjani wanaona umekuja kama mgeni mwalikwa. Ubaya wake kwenye giza inasumbua, chenga zinajaa, na sherehe zetu nyingi ni usiku, ikabidi ninunue taa kubwa zaidi na betri zake. Kompyuta sikubadilisha mpaka 2011.

Gharama ambayo sikuihesabu mwanzoni ni kanda. Zamani nilikuwa narudia kanda moja mara tatu nne, sasa kila harusi kanda nne na hazirudiwi, elfu tano tano kila moja, ikanibidi nipandishe bei kwa elfu thelathini, na wateja walilalamika, nikawa nawaeleza mmoja mmoja kwamba mama hiki unachokiona leo kina mwenzie nimekutunzia. Wengine walielewa. Wengine walienda kwingine.

Na kutunza pwani ni kazi. Hewa ya chumvi, joto, masika ukungu unapanda mpaka kwenye viatu. Mwaka wa kwanza niliweka kanda kwenye boksi la karatasi chini ya kitanda, na kanda mbili za mwali wa Mikindani zikaota ukungu, nilipozicheza picha ikawa vipande vipande mpaka vichwa vya kamera vikachafuka. Zile hazikurudi. Nilienda kumwambia mama wa yule binti mwenyewe kwa mdomo wangu na sijaisahau ile siku. Tangu hapo kanda zinakaa kwenye ndoo za plastiki zenye mfuniko wa kubana, na vile vipakiti vya kukausha unyevu vya kwenye viatu vipya navikusanya kwa wauza viatu wa sokoni.

Mama mmoja wa Shangani, 2010, mwanae wa Uingereza alikuwa na PlayStation 3, akataka kuona harusi ya dada yake kwa HD. Nilienda kwa jamaa mwenye kompyuta yenye nguvu, tukachoma nusu saa ya HD iliyobanwa kwa mtindo unaoitwa AVCHD kwenye DVD ya kawaida, hiyo GB 4.7 ndo inachukua muda huo tu, na PlayStation ikaisoma. Kijana alipiga simu anasema ameona mpaka hina kwenye kucha. Diski ya shilingi mia tano!

Kuanzia 2014 ndo wateja wakaanza kurudi wenyewe. Wameshanunua flati, wamechomeka flashi nyuma, wanaweka DVD yao ya harusi wanaona imefifia, wanaulizia ile "mwenzie". Natoa kanda, naingiza kwenye kompyuta kwa HD yenyewe, naweka kwenye flashi, elfu hamsini. Mpaka sasa nimesharudia harusi 60 na kitu kwa njia hii, na hela ya ile kamera ilirudi kwenye hizo za marudio peke yake. Deki ya Blu-ray sijawahi kununua.

Kamera sasa hairekodi tena, mlango wa kanda umelegea, lakini inacheza, na hiyo ndo mashine pekee niliyonayo ya kusomea. Zimebaki kanda 31 ambazo sijaziingiza. Naingiza mbili kila Jumapili asubuhi, nikianza na za wale ambao mama zao wameshafariki.