Dohani yetu imekaguliwa kabla ya baridi ya Julai

Hapa Molo, nchini Kenya, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,500, familia nyingi huwasha moto sebuleni kila jioni msimu wa baridi, lakini ni wachache wanaoichungulia dohani inayoutoa moshi huo. Wiki hii nilimwita fundi aikague yetu, naye akapanda paani na tochi na brashi ndefu ya waya.

Ndani alikuta tabaka gumu, jeusi, linalong'aa kama lami. Hiyo ni kreosoti, ambayo hujengeka pale moshi wa kuni mbichi unapopoa njiani na kuganda ukutani, na ikishika moto huweza kupasua matofali na kuzifikia mbao za paa. Kuni zetu za msaiprasi hukatwa na kuchomwa kabla hazijakauka vizuri, na naamini hicho ndicho chanzo. Kiota cha ndege pia kilikuwepo, nacho kiliondolewa upesi.

Kilichonitia hofu zaidi ni ufa karibu na dari ya chumba wanamolala watoto, kwa kuwa gesi ya kaboni monoksidi haina rangi wala harufu na huua watu wakiwa usingizini. Nchini Marekani, kanuni ya NFPA 211, ya shirika la kitaifa la kujikinga na moto, inataka dohani zikaguliwe kila mwaka, na sioni kwa nini sisi wa nyanda za juu tusifanye vivyo hivyo.

Mpaka ufa uzibwe hatutawasha moto, wala hatutaingiza jiko la makaa chumbani, kwani makaa nayo hutoa gesi hiyo hiyo.