Zima kwanza, kufuta kutafuata

"Si ufute tu, fundi? Hakuna mtu anaitumia hiyo kitu."

Huyo ni mzee mwenye duka la vipuri pale Kirinyaga Road, Nairobi, ambaye mimi ndiye humtunzia seva zake. Alikuwa anaongelea mfumo wa zamani wa ripoti. Wahasibu walishauhama. Nikamwambia, "Mzee, nitauzima. Kufuta tutaongea mwezi ujao." Akaguna. Nadhani aliona namtafutia njia ya kumtoza mara mbili.

Klasta yake, yaani seva zinazoshikana ili moja ikifa nyingine ichukue kazi, ni ndogo, na inasimamiwa na programu iitwayo Pacemaker: seva mbili, na kimashine cha tatu ambacho kazi yake ni kupiga kura tu, ili mtandao ukikatika katikati seva mbili zisijione zote ndizo bosi. Ripoti ziko kwenye kundi la rasilimali nne: diski, anwani ya IP, hifadhidata, halafu programu yenyewe ya ripoti. Kundi huwashwa kwa mpangilio huo na huzimwa kinyumenyume. Ukizima diski, zote zinazoifuata zinalala nayo. Ukizima programu iliyo mwisho, hizo tatu hata hazishtuki. Kwa hiyo mimi huanzia mkiani.

Kinachowaponza wengi ni kusahau kwamba hakuna kufuta bila kusimamisha. Klasta huipa kila rasilimali muda wa kusimama. Hifadhidata yenye mambo mengi ambayo bado haijayaandika diskini hujikokota, muda unapita, na klasta inaandika kwamba imeshindwa kusimama. Hapo Pacemaker haina mzaha. Kama STONITH, yaani kinga ya kuikata seva yenye matatizo, imewashwa, na inapaswa kuwa imewashwa, basi isipoambiwa vingine huizima seva nzima kwa nguvu. Ina haki: haina uhakika kama hifadhidata ile bado inaandika kwenye diski ambayo seva ya pili iko karibu kuichukua. Lakini wewe ulitaka tu kutoa ripoti zisizo na mwenyewe, na sasa mfumo wa mauzo uliokuwa kwenye seva hiyo umeanguka wateja wakiwa kaunta.

Kwa hiyo kwanza naangalia muda wa kusimama, na ukiwa mfupi nauongeza. Nahifadhi nakala ya usanidi kwa pcs, chombo cha kuiamuru klasta: pcs cluster cib kabla.xml. Halafu naendesha amri ya kuzima, pcs resource disable, nikiongeza --simulate, inayonionyesha kitakachotokea bila kugusa chochote. Iko pia --safe, ambayo hukataa kabisa kuzima kama rasilimali nyingine itaathirika. Sijui kwa nini watu hawazitumii, ziko pale pale kwenye maelezo ya amri.

Katika kupekua nikakuta fundi aliyetangulia aliwahi kulifukuza kundi lile kutoka seva ya pili kwa pcs resource ban, akaenda zake. Amri hiyo huacha sharti nyuma, linaloanza na cli-ban, na linabaki hadi mtu aendeshe pcs resource clear. Yaani siku zote hizo seva ya kwanza ingekufa, ripoti zisingekuwa na pa kukimbilia, na mzee alikuwa akilipia seva mbili!

Siku ya kuzima nayo huchaguliwa. Si karibu na tarehe 9, wahasibu wakihangaika na PAYE, kodi ya mishahara, wala karibu na tarehe 20 ya VAT. Jumamosi alasiri, duka likishafungwa.

Nilizima programu. Kimya. Jumamosi iliyofuata nikazima hifadhidata, ikasimama vizuri ndani ya muda wake. Jumatatu asubuhi, kabla hata sijanywa chai, simu kutoka stoo ya Industrial Area: "Boss, orodha ya bei imekataa kufunguka." Kumbe kompyuta ya stoo ilikuwa inachota bei moja kwa moja kutoka kwenye hifadhidata ileile, bila kupitia programu, na wahasibu hawakulijua hilo. Nikaiwasha tena kwa pcs resource enable, na kabla simu haijakatwa bei zilikuwa zimerudi. Ningekuwa nimefuta, data ingekuwa bado ipo diskini, sawa, lakini ningekuwa naunda rasilimali na masharti yake upya huku lori limesimama getini.

Nilipompigia mzee alicheka. "Kumbe kuna mtu anaitumia."

Wiki hii kompyuta ya stoo inahamishiwa mfumo mpya. Tarehe 20 ikipita nitaizima tena hifadhidata, ningoje stoo wapige simu au wanyamaze.