Ndoo mbili za mild, Dudley

Jirani yangu pale Dudley, Uingereza, alikuwa mzee mmoja mstaafu, ujana wake wote uliishia kwenye kiwanda cha kuyeyusha chuma. Mi namwita mzee tu na yeye kazoea, mpaka akinipigia simu anajitambulisha hivyohivyo. Ndo yeye aliyeniambia kwamba mwezi wa tano ni mwezi wa mild, wale CAMRA, chama cha kutetea bia za asili kilichoanza 1971, huwa wanahimiza pabu ziweke mild. Mild ni bia ya wafanyakazi, mara nyingi nyeusi, watu wanatoka kwenye matanuri na migodi ya makaa ya mawe koo limekauka, wanashusha painti juu ya painti na kesho wapo kazini kama kawaida, maana kilevi chake siku hizi mara nyingi ni asilimia 3 na ushee. Zamani ilikuwa na nguvu kuliko hivyo, ila Vita vya Kwanza vya Dunia vikabana nafaka, kodi ikapanda, bia ikapunguzwa makali na haikurudi tena ilipokuwa. Anayetaka ile kali aende Sedgley, hapo jirani, Beacon Hotel wanapika Dark Ruby ya asilimia 6 na hiyo usiinywe kwa haraka.

Basi siku hiyo mzee akasema tupike ya kwetu nyumbani. Swali langu la kwanza lilikuwa polisi wanasemaje, maana mi nimetoka Moshi, gongo ikinukia tu kwa jirani watu wanaruka uzio. Akacheka sana, akasema leseni ya kupika bia nyumbani iliondolewa 1963, pika unywe mwenyewe, usiuze tu.

Bia inaanza na kimea, yaani nafaka iliyooteshwa ikakaushwa, na hicho kwangu sio kitu kigeni. Bibi alikuwa anaotesha ulezi kwa ajili ya mbege, anaanika, anasaga, anapika uji, anachanganya na ndizi zilizochachuka, na hamira ya kununua hamna, zile ndizi ndo zinamaliza kazi. Kwa hiyo mzee aliposema hamira inafuatwa kiwanda cha bia sikuelewa, mi nilishanunua pakiti ya hamira kavu dukani, imeandikwa kabisa ni ya bia. Akaiangalia ile pakiti akaiweka mezani bila neno.

Tukaenda kiwandani na chupa ya jemu tuliyoichemsha vizuri. Kiwanda chenyewe kidogo, mzee anafahamiana na mpishi wa pale, nasikia huo utaratibu ni wa siku nyingi, ukiomba kwa adabu na chombo chako safi wengi hawakunyimi. Yule mpishi akapanda kwenye tangi ambalo bia ilikuwa kwenye siku yake ya pili ya kuchacha, juu limejaa povu zito rangi ya maziwa, akachota akatujazia nusu chupa na hela hakutaka. Akasema mfuniko msiukaze, itapasuka. Njia nzima nimeipakata kwenye gari inapumua, inapanda, inanimwagikia vidoleni, gari zima linanuka ndizi mbivu na mkate, na mzee anaendesha polepole utadhani tumembeba mgonjwa.

Nyumbani tukaanza kazi. Kimea cha kawaida, aina ya Maris Otter, kilo 3, kile chenye utamu wa karameli wanachokiita crystal gramu 300, na kile kilichokaangwa mpaka kikawa rangi ya chokoleti gramu 150, vyote vya shayiri. Maji tukayatoa klorini kwa nusu kidonge cha Campden, tukayapasha, tukaloweka kimea kwenye boksi la pikiniki kwa nyuzi 67 saa nzima. Joto hilo ukilipandisha kidogo bia inakuwa nzito, ukilishusha inakuwa nyepesi, mzee hakutoka pale na kipimajoto chake. Tukachuja, tukachemsha saa nzima na hopsi, yale maua yanayoipa bia uchungu, aina ya Fuggle gramu 35. Kulitakiwa sukari nyeusi gramu 200, mi nikaleta sukari guru niliyonunua Smethwick kwenye maduka ya Wapunjabi. Mzee akailamba, akafikiri, akaitumbukiza yote. Harufu iliyotoka hapo, jamani.

Tukapoza kwa koili ya shaba mpaka nyuzi 20, haidromita, kile kipimo cha uzito wa sukari kwenye maji, ikasoma 1.036, na namba hiyo inashuka kadiri hamira inavyokula sukari. Hapo ndo nikamwambia mzee, kwa nini tusigawe, ndoo mbili, moja hamira yako moja pakiti yangu, tuone. Nadhani alikubali ili anikomeshe.

Usiku uleule ndoo yake ikaamka. Asubuhi mfuniko umenyanyuka, povu limeshuka mpaka kwenye zulia la varanda, na mkewe amesimama pale mikono kiunoni. Mzee kafurahi kama kapata mjukuu! Akaengua lile la kwanza la kahawia, chungu kweli, akalitupa, akasubiri lijae jeupe safi akalikusanya kwenye chupa kwa ajili ya mara nyingine. Ndoo yangu imetulia, kijipovu chembamba, inabubujika taratibu kwa heshima zake.

Mwisho wake ya kiwandani iligoma kwenye 1.011, hamira yenyewe ikajikusanya ikazama chini ikaganda, bia juu inang'aa wekundu ukiiinua kwenye mwanga. Ya pakiti iliendelea kula sukari mpaka 1.007, kwa hiyo kilevi inaizidi, asilimia 3.8 kwa 3.3. Mi nilipoonja sikuhitaji mahesabu. Ya kwake ilikuwa nzito mdomoni, na harufu ya zabibu kavu na tofi, ya kwangu ilikuwa bia nyeusi, basi. Hapo mi ndo nikaacha kuamini kwamba bia ni kimea na hopsi, maana sufuria ilikuwa moja na moto mmoja.

Mzee sasa akataka shahidi, akamwita mkewe, glasi mbili bila kumwambia ipi ni ipi. Mama wa watu akanywa hii, akanywa ile, akarudia, akanyoosha kidole kwenye ya pakiti. "Hii ni safi, hiyo nyingine inanuka matunda yaliyokaa."

Mzee akawa mwekundu. Akabisha, akaeleza, akataja mapabu ambayo yalishafungwa, mama kamsikiliza mpaka mwisho na kidole hajakiondoa. Afu mzee akamwambia kama ni hivyo hizo chupa za pakiti zote zako. Mama akazichukua kweli, zote, akazipikia nyama ya ng'ombe na vitunguu na karoti kwenye oveni jioni nzima, na Jumapili tukaitwa wote mezani. Mzee kajiletea jagi la bia yake, hasemi kitu, ila sahani alirudisha mara ya pili.